Amani ya Nyumba Huandikwa: Fedha na Familia katika Imani ya Kiyahudi

Katika karne ya 4, Rava, mwalimu wa sheria ya Kiyahudi katika Mahoza, mji wa wafanyabiashara uliokuwa kando ya mto Tigris katika nchi ambayo leo ni Iraki, alitoa uamuzi kuhusu maskini mwenye fedha za kununua mafuta ya taa moja tu. Ni Ijumaa jioni katika siku za Hanukka. Sheria inamtaka awashe taa ya Sabato kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake, na papo hapo inamtaka awashe taa ya Hanukka inayotangaza muujiza wa Hekalu la Yerusalemu. Hana uwezo wa zote mbili. Rava alisema taa ya nyumbani itangulie, na sababu aliyoitaja ni amani ya nyumba, ambayo kwa Kiebrania huitwa shalom bayit. Zaidi ya miaka 800 baadaye Maimonides, aliyekuwa akiishi Misri, aliuchukua uamuzi huo akafungia nao sheria za Hanukka katika mkusanyo wake mkubwa wa sheria, akaongeza kwamba Torati yote ilitolewa ili kuleta amani duniani.

Uamuzi huu hupendwa kwa sababu ya upole wake. Kwa maoni yangu uzito wake uko mahali ambapo wahubiri wengi hupapita haraka: Rava anazungumzia matumizi ya fedha. Hamwambii maskini huyo avumilie, wala hawaambii watu wa nyumbani mwake kwamba wakipendana giza halitawaumiza. Anakubali kwamba kukaa gizani kunaumiza, kwamba maumivu hayo yana bei, na kwamba fedha chache zilizopo zielekezwe huko kwanza, hata ikibidi amri ya kidini iliyo ya hadharani isubiri. Nimezisoma sheria za Kiyahudi za familia kwa jicho hilo, na ninachokiona ni mwendelezo wa fikra moja: amani ya nyumba ina msingi wa mali, na kwa sababu hiyo hulindwa kwa masharti yanayoweza kuandikwa, kushuhudiwa na kudaiwa, na mzigo wa kuilinda humwangukia kwanza yule aliyeshika fedha.

Talmudi ya Babiloni, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, ina ukurasa mmoja, katika sehemu iitwayo Bava Metzia, ambao unasema jambo hili bila kuzunguka. Rav Yehuda anafundisha kwamba mtu awe mwangalifu siku zote nafaka isikosekane nyumbani kwake, kwa kuwa ugomvi hauingii nyumbani ila kwa sababu ya nafaka. Rav Papa anaongeza methali ya watu wa kawaida wa zama zake: shayiri ikiisha mtungini, ugomvi hubisha hodi na kuingia. Rav Papa hakuwa mtawa aliyejitenga na dunia, kwani alitajirika kwa kutengeneza pombe ya tende, na alijua vizuri hesabu ya ghala. Katika ukurasa huohuo mafundisho yanaendelea hadi kwenye heshima ya mke, kwamba baraka ya nyumba inapatikana kwa ajili yake, na Rava anawaambia watu wa Mahoza wawaheshimu wake zao ili watajirike. Mtu anaweza kukwazwa na ahadi ya utajiri iliyofungwa kwenye wema. Hata hivyo Rava alikuwa akizungumza na wafanyabiashara, akawaeleza kwa lugha ya biashara kwamba dharau ndani ya nyumba ni hasara.

Inafaa kusema hapa kwamba wasomaji wengi wa Kiswahili wamekutana na Myahudi na fedha zake mara ya kwanza katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambamo Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, anapoteza binti na hazina katika usiku mmoja. Picha hiyo ilichorwa na mwandishi wa Uingereza, nchi iliyokuwa imewafukuza Wayahudi mwaka 1290. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya wakati ule Wayahudi walikatazwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, wakasukumwa kwenye kazi ya kukopesha, kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Anayetaka kujua imani yenyewe inasema nini juu ya fedha na watoto hana budi kuiacha picha hiyo na kwenda kwenye vitabu vya sheria, ambako atashangaa kuona ni juhudi kiasi gani zilizotumika kumzuia mwenye fedha asiwe mtawala wa nyumba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ketuba, hati ya ndoa ambayo mume wa Kiyahudi humpa mkewe siku ya harusi. Msomaji wa pwani aliyezoea mahari ambayo sehemu yake hulipwa baadaye ataona ukaribu, kwa kuwa ketuba nayo ni deni linalosubiri mwisho wa ndoa: mume akifa au akitoa talaka, mke hulipwa kutoka katika mali ya mume huyo. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, inataja kiwango cha chini kuwa zuzi 200, yaani sarafu za fedha za zama hizo, kwa bikira na 100 kwa mjane. Kiasi hicho hakikuwa cha mapambo. Mishna hiyohiyo inasema mtu mwenye zuzi 200 haruhusiwi kuchukua masazo ya mavuno yaliyoachwa shambani kwa ajili ya maskini, na wafafanuzi wameeleza kwamba fedha hizo zilihesabiwa kuwa matumizi ya mtu kwa mwaka mzima. Mwanamke aliyeachwa alikuwa anatoka na mwaka mmoja wa kuishi bila kuombaomba. Marabi walieleza shabaha ya sharti hili kwa uwazi: isiwe jambo jepesi machoni pa mume kumwacha mkewe.

Talmudi inasimulia jinsi hati hiyo ilivyofikia umbo lake, na masimulizi hayo yanastahili kusomwa polepole. Hapo mwanzo fedha za ketuba ziliwekwa kando nyumbani kwa baba wa mke. Mume akikasirika alimwambia mkewe, nenda ukaichukue ketuba yako. Wakabadilisha utaratibu, fedha zikawekwa kwenye nyumba ya baba wa mume zikiwa katika umbo la vyombo: matajiri walitengeneza vikapu vya fedha na dhahabu, maskini wakatengeneza chombo cha kukojolea. Bado mume akikasirika alisema, chukua ketuba yako uondoke. Ndipo alipokuja Shimon ben Shetach, mwalimu wa karne ya 1 kabla ya Kristo, akaamuru mume aandike kwamba mali yake yote ni dhamana ya ketuba ya mkewe.

Tuangalie kilichotokea hapo. Waliotunga sheria walikuwa wameisikiliza sentensi moja ambayo waume husema wakiwa na hasira, wakaona kwamba sentensi hiyo hutamkwa kirahisi pale fedha zinapokuwa zimekwisha kutengwa na ziko tayari kubebwa. Shimon ben Shetach hakumhubiria mume awe mpole, ila alizitawanya fedha za ketuba ndani ya shamba, mifugo na nyumba, hata mume asiweze kumfukuza mkewe bila kwanza kufikiri atauza nini. Kufikiri huko kunahitaji muda, na hasira nyingi hupoa ndani ya muda huo. Sijui sheria nyingine ya kale iliyoelewa vizuri hivi kwamba namna fedha zinavyohifadhiwa inaweza kubadilisha maneno ambayo mtu huthubutu kumwambia mwenzake mezani.

Hati hizi hazikubaki nadharia. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, mji wa kale wa Kairo, yalihifadhiwa kwa karne nyingi makaratasi ambayo sehemu kubwa ilipelekwa Cambridge mwaka 1897, na miongoni mwake kuna mamia ya hati za ndoa na vipande vyake. Nyingi zinaorodhesha vitu ambavyo bibi harusi alikuja navyo, vito, nguo, matandiko na vyombo vya shaba, kila kimoja kikiandikwa bei yake. Wengine wataona ni ubahili kuandika bei ya mto wa kulalia siku ya harusi. Mimi naona kwamba familia zilizofanya hivyo zilikuwa zimeshuhudia mashemeji wakigombania vitu hivyohivyo baada ya msiba.

Katika mji huohuo wa Fustat aliishi Maimonides, na maisha yake yanaonyesha jinsi fedha za ndugu zinavyochanganyikana. Alipata nafasi ya kusoma na kuandika kwa sababu mdogo wake, David, alifanya biashara na kuleta mapato ambayo wote wawili waliishi nayo. David alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga kuta za Lamu na Zanzibar. Katika barua aliyoiandika miaka kadhaa baadaye, Maimonides anaeleza kwamba David alikuwa amebeba fedha nyingi, nyingine zikiwa zake, nyingine za Maimonides na nyingine za watu wengine, na kwamba alimwachia mjane na binti mdogo. Anasema siku habari ilipofika aliugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Huzuni yake ilikuwa ya ndugu aliyempenda ndugu yake, lakini haikutenganishwa na hesabu: pamoja na maiti iliyomezwa na maji kulikuwa na amana za watu na walelewa wawili wanaohitaji kula.

Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaozaa sheria ya mashahidi. Talmudi inakataza kukopesha bila mashahidi hata kwa mtu anayeaminika, na inasimulia jinsi Rav Ashi, mkuu wa chuo na mmoja wa waliohusika sana na kukusanywa kwa Talmudi yenyewe, alivyotaka kujua kama mwalimu mwenzake Ravina anayafuata maneno hayo. Akamtumia ujumbe Ijumaa jioni, wakati kila mtu ana haraka ya kuingia Sabato, akiomba zuzi 10 za kununulia kipande kidogo cha ardhi. Ravina akajibu kwamba alete mashahidi na waandike hati. Rav Ashi akauliza, hata mimi? Jibu likarudi kwamba yeye ndiye hasa, kwa kuwa akizama katika masomo yake atasahau, na kusahau huko kutamletea aliyekopesha laana. Laana inayozungumzwa ni manung'uniko ya majirani: mkopeshaji atadai, mkopaji atakana kwa nia njema, na watu watamwona mkopeshaji kuwa mwongo anayemsumbua mtu mwema.

Katika familia nyingi, za Kiyahudi na zisizo za Kiyahudi, kumwomba ndugu saini huhesabiwa kuwa tusi. Ravina anaigeuza hoja hiyo. Hati inahitajika zaidi pale penye mapenzi, kwa sababu hapo ndipo kusahau kunapoweza kuharibu kitu kikubwa kuliko zuzi 10. Tena hati hii haikuwa chombo cha kumkamua ndugu. Torati, katika Kutoka, Walawi na Kumbukumbu la Torati, inakataza kumtoza ndugu riba, na kutokana na katazo hilo zimezaliwa taasisi za mikopo isiyo na riba ambazo zipo katika karibu kila jumuiya kubwa ya Kiyahudi. Chama cha New York cha mikopo ya namna hiyo kilianzishwa mwaka 1892, wakati wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki walipokuwa wakiteremka melini bila mtaji, na bado kinafanya kazi. Maimonides alipozipanga daraja nane za sadaka, aliiweka juu kabisa ile inayomwinua mtu kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi hadi asihitaji tena mkono wa wengine.

Fikra hiyo ya ubia imefika hata Afrika Mashariki. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya ambayo mwanzilishi wake, Semei Kakungulu, aliingia katika Uyahudi mwaka 1919. Mwaka 2004 mmoja wa viongozi wao, J. J. Keki, aliwaunganisha wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika waliouita Mirembe Kawomera, jina la Kiganda lenye maana ya amani tamu. Wakulima hao waliamini kwamba majirani wanaopata bei nzuri kwa pamoja wana sababu ya kutunza ujirani wao. Ni mafundisho yaleyale ya mtungi wa shayiri, yakiwa yamepelekwa nje ya mlango wa nyumba.

Kuhusu wazazi, sheria inachukua msimamo ambao mara ya kwanza unaweza kumshtua Mwafrika. Talmudi inauliza kama heshima ya mzazi inagharimiwa na mali ya mtoto au ya mzazi mwenyewe, na jibu lililokubaliwa ni kwamba inagharimiwa na mali ya mzazi. Mtoto anadaiwa muda wake, miguu yake na uso wake mwema, na ikiwa mzazi hana kitu na mtoto anacho, hapo mtoto analazimishwa kumtunza kadiri ya uwezo wake. Rabi Moses Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliongeza kanuni ambayo natamani ingesomwa katika kila kikao cha ukoo: watoto wakiwa wengi hugawana gharama kwa kadiri ya mali ya kila mmoja, na ikiwa wengine ni matajiri na wengine ni maskini, wanaolazimishwa ni matajiri peke yao. Ugomvi wa ndugu juu ya mzazi mzee huanza pale kila mmoja anapotakiwa kutoa sawa na mwenzake huku vipato vikiwa mbalimbali, na yule asiyenacho akaanza kukwepa simu kwa aibu.

Fedha peke yake haitoshi, na marabi walilijua hilo. Wanasimulia juu ya mtoto aliyemlisha baba yake kuku walionona na bado akarithi jehanamu, kwa sababu baba alipouliza nyama hiyo imetoka wapi alijibiwa ale anyamaze kama mbwa wanavyokula na kunyamaza. Wanasimulia pia juu ya mtoto aliyemweka baba yake kusaga kwenye jiwe la kusagia na bado akarithi paradiso. Mfalme alikuwa ameagiza wasagaji waletwe, na mtoto huyo akaona ni afadhali aende yeye mahali pa baba yake, ili kama kuna fedheha au mapigo huko yamwangukie yeye.

Urithi ndio mahali ambapo sheria yenyewe ilileta shida. Torati inawapa wana urithi na inampa mzaliwa wa kwanza mafungu mawili, na binti anarithi pale tu ambapo hakuna mwana, haki ambayo mabinti watano wa Selofehadi waliidai mbele ya Musa katika kitabu cha Hesabu na wakaambiwa wamesema haki. Marabi walirithi mpango huo na hawakujiona na mamlaka ya kuufuta, ila walichukua hatua za kuupunguzia makali. Katika Mishna, masharti ya ketuba yanawapa mabinti haki ya kulishwa kutoka katika mali ya marehemu, na mali ikiwa ndogo, mabinti wanalishwa na wana wanakwenda kuomba milangoni. Mwalimu aitwaye Admon alilalamika kwamba mtu anapata hasara kwa kuwa mwanamume, na Rabban Gamaliel akasema anaona ukweli katika maneno yake. Kanuni ilibaki.

Baadaye, katika Ulaya ya zama za kati, Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wa Ujerumani na nchi za jirani, walibuni hati yenye werevu mkubwa. Baba alimwandikia binti yake deni kubwa ambalo lingeiva saa moja kabla ya kifo chake, na kuweka sharti kwamba kaka zake wanaweza kulifuta deni hilo kwa kumpa nusu ya fungu la mwana mmoja. Kwa kuwa deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, kaka waliona nafuu kutoa fungu hilo. Hati za aina hiyo zinatumika hadi leo miongoni mwa Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika sana sheria ya jadi, wanaotaka kuwagawia watoto wote sawa bila kuiacha Torati, na katika Israeli sheria ya mirathi ya mwaka 1965 inawapa wana na mabinti mafungu sawa pale pasipo wosia. Kuna wanaoziona hati hizo kuwa ujanja wa kuikwepa amri. Naheshimu wasiwasi wao, lakini baba anayekaa na mwandishi wa sheria akiwa hai na kuwafikiria mabinti zake ameitafuta amani kwa bidii kuliko yule anayesema Mungu amekwisha gawa, kisha akawaachia watoto wake mahakama.

Onyo kali zaidi katika eneo hili linatokana na Yusufu. Talmudi inasema mtu asimtofautishe mtoto mmoja na wenzake kamwe, kwa sababu hariri yenye uzito wa sela mbili tu ambayo Yakobo alimzidishia Yusufu iliwatia ndugu zake wivu, na jambo likaviringika hadi wazee wetu, kama wanavyosema marabi, wakashuka Misri. Shmuel, mwalimu wa karne ya 3, alimkanya mwanafunzi wake asihudhurie hata mahali ambapo urithi unahamishwa kutoka kwa mwana mbaya kwenda kwa mwana mwema. Hakuna anayejua huyo mbaya atazaa watoto wa namna gani, na wajukuu watakuwa wamekwisha kurithishwa chuki.

Hata ukarimu uliwekewa mpaka. Marabi waliokutana Usha, kule Galilaya, katika karne ya 2, waliamua kwamba anayetoa mali yake kwa maskini asizidishe sehemu moja ya tano, asije akawa mzigo kwa watu, na katika Usha hiyohiyo iliamuliwa kwamba baba awalishe watoto wake wadogo. Mtu asinunue sifa sinagogini kwa chakula cha watoto wake. Na siku moja katika saba, sarafu haziguswi kabisa, wala mikataba haizungumzwi, ili familia ikae mezani bila mtu yeyote kuwa mkopeshaji au mdaiwa.

Baada ya kuusifu urithi huu, nina wajibu wa kusema unakovunjika. Maneno shalom bayit yametumika, na bado yanatumika, kumrudisha mwanamke anayepigwa kwa mume wake, na kumnyamazisha mke anayeuliza mshahara umekwenda wapi. Katika Israeli, ambako tangu sheria ya mwaka 1953 ndoa na talaka za Wayahudi ziko chini ya mahakama za marabi peke yake, kuna shauri linaloweza kufunguliwa kwa jina hilohilo la shalom bayit, la kuomba wanandoa wapatanishwe. Wapo wanaolifungua kwa moyo safi. Wapo pia, waume na wake, wanaolifungua ili kuchelewesha talaka huku wakipigania nyumba na akiba.

Mzizi wa tatizo uko kwenye Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ambapo mume ndiye anayeandika na kutoa hati ya talaka. Karibu mwaka 1000 Rabbenu Gershom wa Mainz alipiga marufuku kumtaliki mke bila ridhaa yake, lakini hilo halikumpa mke uwezo wa kuitoa hati mwenyewe. Mume akikataa kuitoa, mke anabaki amefungwa, hawezi kuolewa tena kidini, na wapo waume wanaodai fedha, nyumba au kufutwa kwa matunzo ya watoto ndipo waitoe. Hapa kila kitu kimegeuzwa. Ketuba ilimfanya mume alipe ili aweze kuacha, na huyu anamlipisha mke ili aachwe. Anayemwambia mke huyo atulie kwa ajili ya amani amemtwika yeye mzigo ambao marabi walimtwika mumewe.

Sheria ya Israeli ya mwaka 1995 iliziwezesha mahakama za marabi kumwekea mume mkaidi vikwazo vya leseni ya kuendesha gari, akaunti ya benki na safari za nje, na hata kumfunga jela. Huko Marekani, ambako mahakama za marabi hazina polisi, Rabi Mordechai Willig aliandika mkataba wa kabla ya ndoa unaopendekezwa na baraza la marabi wa Orthodoksi wa nchi hiyo. Ndani yake mume anakubali kwamba wakiacha kuishi pamoja atamlipa mkewe matunzo ya kila siku, kwa kawaida dola 150, hadi siku atakapotoa hati ya talaka. Kila siku ya ukaidi inaongeza deni ambalo mahakama ya kiraia inaweza kulidai. Ni njia ya Shimon ben Shetach ileile, baada ya zaidi ya miaka 2,000: hasira iguswe mfukoni kabla haijamharibu mtu.

Wapo wachumba na wazazi wanaokataa kuusaini mkataba huo kwa hoja kwamba kutaja utengano kabla ya harusi kunaleta mkosi na kutia doa mapenzi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama isingekuwa kwamba kila harusi ya Kiyahudi ya Orthodoksi inasimama, maharusi wakiwa bado chini ya kitambaa cha ndoa na wageni wakiwa wamesikiliza, ili isomwe kwa sauti, katika Kiaramu cha kale, hati inayotaja kiasi ambacho mume huyu atadaiwa na mali zote zinazoshikwa dhamana kwa ajili ya deni hilo.